Barua ya wazi: Tunaomba benchi la vichocheo Mwanza, kiwanda kisubiri

Kwa: Waziri wa Nishati, Waziri wa Madini, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Mkuu wa Mkoa wa Mwanza.

YAH: KUGEUZA HEWA UKAA KUWA MAFUTA KWA JUA NA METALI ZA KANDA YA ZIWA

Waheshimiwa,

Siku hizi hewa ukaa haikosi kwenye hotuba. Kanuni za biashara yake zilitoka mwaka 2022, kituo cha kuifuatilia kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na Halmashauri ya Tanganyika kule Katavi inatajwa kila kikao kwa namna vijiji vyake vilivyopata fedha kwa kutunza msitu. Sina ugomvi na hilo. Ila kuna kazi nyingine ambayo sijaisikia kwa kiongozi yeyote wa Kanda ya Ziwa, nayo ni kuichukua hewa hiyo yenyewe na kuirudisha kuwa kitu kinachowaka, kwa nguvu ya jua na kwa msaada wa metali ambazo tunazichimba hapa hapa. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, Ilemela. Sina kampuni, sina mradi, na hakuna mtu wa nje ninayemsemea.

Ombi langu naliweka mapema, maana barua ndefu maofisini husomwa mwanzo tu. Naomba Mwanza iwe na benchi moja la majaribio ya vichocheo, yaani vitu, hasa metali, vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali bila vyenyewe kuliwa. Nasema chumba chenye paneli za sola juu ya paa, mtambo mdogo wa kupasua maji kupata haidrojeni, mrija wa chuma unaopashwa moto ukiwa na kichocheo ndani, mtungi wa hewa ukaa, na mashine ya kupima gesi inayotoka upande wa pili. Liwe chini ya chuo ambacho tayari kipo. Kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hapa mjini inafundisha teknolojia ya maabara, ingefaa. Na wajibu wa kulilisha benchi hilo sampuli za metali uandikwe kwenye mipango ya madini kabla nikeli ya Kabanga haijaanza kutoka.

Kwanza niondoe uongo mmoja njiani. Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua. Nishati yake imeshatoka, iwe kwenye jiko la mama ntilie wa Mlango Mmoja au kwenye injini ya lori la Kahama. Kuifanya mafuta tena ni kuirudishia nishati ile yote, tena na ziada, kwa sababu kila hatua ina upotevu. Kwa hiyo akija mtu ofisini kwenu na maneno matamu kwamba mafuta yanaelea hewani bure, mwulizeni swali moja tu: nishati unaitoa wapi? Mmea unaitoa kwenye jua, na hata huo, kwa mazao mengi ya shambani, unahifadhi kama asilimia moja tu ya jua linaloupiga. Sisi tunajaribu kuupita mmea kwa kutumia metali.

Jaribio hili lina umri. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha kwamba titani dioksaidi ikimulikwa ndani ya maji inayapasua kuwa haidrojeni na oksijeni. Ni unga uleule unaoifanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Mwaka 1979 Fujishima na wenzake wakaonyesha kwamba unga wa namna hiyo, ukiwa kwenye maji yenye hewa ukaa na ukamulikwa, unatoa methanoli na fomaldehaidi na methani kidogo. Kidogo kweli. Titani dioksaidi hainywi mwanga wote. Inanywa ule wa urujuanimno tu, ambao ni karibu asilimia tano tu ya jua letu. Zaidi ya miaka 40 imepita, na njia hiyo fupi ya kuweka unga juani ukakinga mafuta bado iko maabara. Msiinunue.

Njia ndefu ndiyo imekomaa. Unachukua jua kwa paneli za kawaida, umeme wake unapasua maji, haidrojeni inayopatikana unaikutanisha na hewa ukaa juu ya nikeli yenye joto la nyuzi 300 hadi 400, na kinachotoka ni methani na maji. Aliyeugundua mmenyuko huo wa mwisho, wa juu ya nikeli, ni Mfaransa Paul Sabatier wa Toulouse, aliyepewa Nobeli ya kemia mwaka 1912. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mmenyuko huohuo ulianza kutumika mwaka 2010 kupata maji kutokana na hewa wanayoitoa wanaanga wakipumua. Kemia hii ina zaidi ya miaka 100 na inafundishika kwa Kiswahili.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza kichocheo kwa kuwapeleka mwaloni Kirumba. Dalali wa dagaa havui na hali mzigo. Anamkutanisha muuzaji na mnunuzi, biashara inafanyika, yeye anabaki palepale kusubiri wengine. Dalali akiung'ang'ania mzigo unaozea mikononi mwake, na asipoushika kabisa unapita hadi soko lingine. Metali nazo ziko hivyo. Zinazoishika hewa ukaa na vipande vyake kwa nguvu mno huziba. Zinazoishika kwa ulegevu haziifanyi chochote. Inayofaa ni iliyo katikati. Kanuni hiyo nayo imepewa jina la Sabatier. (Kuna kijana aliyeniuliza kamisheni ya nikeli ni nini. Nikamwambia haipati kitu, ila inaweza kulipa kwa uhai wake: salfa kidogo sana kwenye gesi inaiua, na masizi ya kaboni yakiifunika inachoka.)

Hapa sasa ndipo ninapotaka Mheshimiwa Waziri wa Madini asome taratibu. Mwaka 1985 mtafiti wa Japani, Yoshio Hori, alichapisha na wenzake matokeo ya kupitisha umeme kwenye maji yenye hewa ukaa, akibadilisha metali ya elektrodi, kile kipande kinachopitisha umeme majini. Kila metali ilikuwa na tabia yake. Dhahabu na fedha hutoa zaidi monoksaidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, ambayo kiwandani ni malighafi ya thamani. Bati na risasi hutoa asidi ya fomiki au chumvi zake. Nikeli na chuma kwenye maji ya baridi hutoa karibu haidrojeni tupu. Shaba peke yake ndiyo iliyokwenda mbali: methani, na baadaye ikaonekana inatoa ethilini na hata kilevi. Hadi leo hakuna metali nyingine ya peke yake inayofanya kazi hiyo kwa kiasi cha maana, na nusu ya watafiti wa fani hii wanahangaika na shaba.

Sasa pigeni ramani. Dhahabu iko Geita. Bati liko Kyerwa. Nikeli iko Kabanga, Ngara, ambako Serikali ina hisa asilimia 16, na mpango ni kuisafishia Kahama. Shaba na fedha? Mnakumbuka makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukipelekwa nje kuyeyushwa. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno hilo kwa sababu ya makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, na kila mtu akawa anauliza dhahabu iliyomo ni kiasi gani. Ndani ya mchanga ule mlikuwa pia na shaba na fedha. Yaani orodha ya Hori, karibu yote, inatoka kwenye mikoa inayolizunguka ziwa hili, na mwanafunzi wa hapa anayetaka kuigusa kama kichocheo inabidi akaombe nafasi mbali na kanda hii.

Msinielewe vibaya. Kichocheo hakili tani za metali, kinakula gramu. Hakuna mgodi utakaotajirika kwa soko hilo. Thamani iko kwenye ujuzi wa kuitawanya nikeli juu ya unga wa alumina (oksaidi ya alumini) hadi chembe zake ziwe ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona hata kwa darubini ya shule, kisha kuipima kama bado inafanya kazi baada ya wiki nzima ya moto. Mwanza ina kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu mwaka 2021, na ni jambo la kujivunia. Kusafisha metali ni darasa la kwanza. Kujua metali hiyo inafanya nini ikikutana na gesi ni darasa la pili, na mtaala wake haupo hapa.

Muhula uliopita, kidato cha tatu, tulichukua paneli ndogo ya kuchajia simu tukaiegemeza nje ya dirisha. Nyaya mbili za stenlesi ndani ya beseni la maji yaliyotiwa magadi, juu yake mabomba mawili ya sindano yaliyozibwa ncha na kujazwa maji. Baada ya kipindi kimoja, bomba la upande wa hasi lilikuwa na gesi mara mbili ya lile la chanya, kama kitabu kinavyosema. Binti mmoja akasogeza kiberiti, likalia "pwa!", darasa likapiga makofi. Akauliza: "Mwalimu, hii si ndiyo gesi ya kupikia?" Nikamjibu kwamba ni nusu ya safari, bado hewa ukaa, bado nikeli, bado moto. Hiyo nusu ya pili sikuweza kumwonyesha. Nikeli ningeipata, ila shuleni hatuna chombo cha kutambua kama kilichotoka ni methani au ni haidrojeni ileile iliyopita bila kufanya lolote, na sikubali kumwambia mtoto "hii ni methani" kwa kukisia.

Swali lake la gesi ya kupikia linanirudisha kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Nawaomba sana teknolojia hii msiiingize kwenye mkakati ule. Hesabu yake ni hii, kwa uniti zilezile za Luku, yaani kilowati-saa. Kilo moja ya methani inahitaji kilo 2.75 za hewa ukaa na nusu kilo ya haidrojeni. Nusu kilo hiyo inakula uniti 25 hadi 27 za umeme kwa mitambo ya kisasa ya kupasua maji. Paneli ya wati 400 siku ya jua zuri hapa Mwanza inatoa karibu uniti 1.8 hadi 2. Kwa hiyo paneli 13 hadi 15 zinashinda kutwa juani kwa ajili ya kilo moja ya gesi, na gesi hiyo ikiungua inawarudishia uniti kama 14 za joto, ambazo sehemu kubwa inatoroka pembeni mwa sufuria. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Mama wa Buhongwa mpeni umeme wa uhakika na jiko hilo. Methani ya jua itamtia umaskini. (Maji hayana tatizo: lita nne na nusu kwa kilo, na nusu yake inarudi.)

Tumeshaliona hili ziwani. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakitoka na karabai za mafuta ya taa. Leo usiku wa giza ukisimama Igombe, taa nyingi unazoziona majini ni za betri na sola. Hakuna aliyesubiri mafuta ya taa ya kisayansi. Penye kazi inayowezekana kwa betri, betri imeshinda.

Kinachobaki ni pale betri inapozidiwa, na hapo pana maana kwetu. Meli yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kama MV Mwanza, haiendi Bukoba usiku kucha kwa betri tunazoweza kuzinunua leo. Meli ya Stena Germanica, inayobeba abiria na magari kati ya Göteborg na Kiel, ilibadilishwa mwaka 2015 ikaanza kutumia methanoli. Huko Iceland kiwanda kilichopewa jina la George Olah kilizinduliwa mwaka 2012 kutengeneza methanoli kwa hewa ukaa inayotoka kwenye mvuke wa ardhini na haidrojeni ya umeme wao, na kichocheo cha viwanda vya methanoli duniani ni shaba iliyochanganywa na oksaidi ya zinki. Shaba tena. Ujerumani, mjini Jülich, mwaka 2024 ulizinduliwa mtambo unaotumia vioo kukusanya joto la jua na kutengeneza mafuta ya ndege. Huo wa vioo nisingeupendekeza hapa. Vioo vinataka jua kali lisilo na wingu, na sisi tunaishi kandokando ya ziwa linalojitengenezea mawingu yake. Paneli hazibagui sana.

Na hewa ukaa tutaitoa wapi? Msikubali kuuziwa mashine ya kuifyonza hewani, ambako katika molekuli 10,000 za hewa ni kama nne tu. Ichukuliwe kwenye bia inapochachuka. Kila kilo ya kilevi inayozaliwa ndani ya tangi la kiwanda cha bia inatoka pamoja na karibu kilo moja ya hewa ukaa, ikiwa karibu safi. Lita 100 za bia ya kawaida zinatoa kama kilo nne za gesi hiyo. Mwanza haina uhaba wa bia, na hilo halihitaji utafiti. Viwanda hivyo kwa kawaida hujirudishia sehemu ya gesi kwa ajili ya povu la bia yenyewe, lakini mtungi mmoja kwa mwezi kwa ajili ya benchi la wanafunzi hautawaumiza. Salfa kidogo iliyomo inasafishwa kwa kaboni ileile inayotumika kwenye elusheni za dhahabu (mitambo ya kuivua dhahabu iliyonaswa na kaboni), ambayo vijana wa Geita na Mwanza wanaifahamu kuliko mimi.

Benchi hili lingekuwa na kazi hata kama mafuta ya jua yatachelewa miaka 20. Nikeli ya Sabatier ndiyo inayogandisha mafuta ya mimea kuwa mafuta ya mgando, na hii ni kanda ya pamba na mbegu zake. Pia lingekuwa macho ya Serikali. Fani hii ina mtego unaojulikana: mara nyingi kilichopimwa kama mafuta kilitoka kwenye uchafu wa kichocheo chenyewe, mabaki ya kemikali zilizokitengeneza, hakikutoka kwenye hewa ukaa hata kidogo. Watafiti makini huendesha jaribio lilelile bila hewa ukaa waone kama bado kitu kinatoka. Kisha hutumia hewa ukaa yenye kaboni-13, ambayo ni nzito kidogo, na kuitafuta kaboni hiyo kwenye kilichopatikana. Mwekezaji akija na chupa ya mafuta na video, wapelekeeni watoto wetu chupa hiyo pamoja na unga wake. Wakiwa na vifaa watawapa jibu kabla mkataba haujafika mezani.

Nina onyo moja la usalama, nalo ni zito. Methanoli inanukia kama pombe, na inapofusha na kuua. Nchi hii inajua kinachotokea kemikali za viwandani zinapoingia kwenye gongo. Mradi wowote wa methanoli kandokando ya ziwa, hata wa lita 20, uwe chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi yake ya kanda ipo hapa. Itiwe rangi na kitu kichungu tangu siku ya kwanza, na ufunguo wa stoo asishike mtu mmoja.

Basi maombi yenyewe. COSTECH watangaze ufadhili wa benchi hili kwa ushindani, chuo chochote cha Kanda ya Ziwa kiombe. Gharama yake itakuwa chini ya kilometa moja ya lami. Waziri wa Madini aingize kwenye masharti ya ushiriki wa Watanzania kwamba anayesafisha nikeli, shaba au dhahabu kanda hii anatoa sampuli na nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye maabara yake ya upimaji. Waziri wa Elimu aruhusu walimu wa kemia wa sekondari kulitumia benchi siku za Jumamosi na wanafunzi wao, na wapewe nauli. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kwako naomba jambo dogo: uwaite mezani viwanda vya bia, kiwanda cha kusafisha dhahabu na chuo kitakachopatikana, siku moja, kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao kufungwa.

Kama jibu ni hapana, tunaomba liandikwe na litaje kilichokosekana: fedha, chumba, au mtu wa kulisimamia. Chumba na mtu tunaweza kuwatafutia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia,
Ilemela, Mwanza